Mgeni Njoo, Klabu Ipone

Klabu nyingi za ndege ndogo za kuongozwa kwa rimoti zina uwanja mzuri, nyasi zimekatwa, kibanda kina kivuli, na wanachama ni wale wale kila Jumamosi. Hurusha, hunywa kahawa, husimuliana ya zamani, hurudi makwao. Ugomvi hakuna. Lakini kijana aliyejiunga mwaka huu naye hakuna, na kitanzi wanachopiga angani ni kile kile kilichopinda tangu siku walipojifunza kukipiga. Dawa ya klabu ya namna hiyo wahenga walikwisha kuitaja: mgeni njoo, mwenyeji apone. Iandae mashindano ya sarakasi za angani, iwaalike watu wa mbali, nayo itapona.

Msomaji ambaye hajapata kuyaona mashindano haya asidhani kwamba ndege hurushwa ovyo ili watu wapige makofi. Tuchukue mfano wa Marekani, ambako mchezo huu umeota mizizi. Huko kipo chama cha warushaji wa ndege ndogo, AMA, kilichoundwa mwaka 1936 na chenye makao yake Muncie, Indiana. Chini ya mwavuli wake ipo IMAC, inayosimamia sarakasi za ndege zilizoundwa kwa sura ya ndege halisi za sarakasi, kama Extra 300 na Edge 540. Hivi si vidude vya kuchezea sebuleni. Nyingi zina injini za petroli, uzito unaopita kilo 10, na mabawa yanayofika mita mbili na nusu, hata tatu. Mrushaji hufuata karatasi ya michoro iliyotokana na kazi ya rubani wa Hispania, José Luis Aresti: mstari mzima ni ndege iliyokaa sawa, mstari wa vipande vipande ni ndege iliyopinduka tumbo juu. Nyuma yake huketi waamuzi wasiopungua wawili. Kila umbo huanza na alama 10, kila kosa hupunguza, na kinachobaki huzidishwa kwa uzito wa umbo lenyewe.

Sasa tazama faida inayomfikia mwenyeji. Ya kwanza ni macho. Anayerusha peke yake hujihukumu kwa huruma; umbo likiharibika, husema upepo ulimsukuma. Mbele ya waamuzi wa IMAC upepo si udhuru. Kinachohukumiwa ni njia ambayo ndege imeichora angani, na ni juu ya mrushaji kuielekeza pua ya ndege upande wa upepo ili mstari wa wima ubaki wima. Kitanzi kiwe duara kweli. Mpando wa digrii 45 uwe 45, usiwe 55. Ndege ikijibiringisha katikati ya mstari, kipande cha kabla na kipande cha baada vilingane. Mwanachama aliyeketi siku nzima kando ya mwamuzi, akiandika alama anazotajiwa, hajagusa rimoti hata mara moja, lakini Jumamosi inayofuata ataviona vitanzi vya klabu yake kwa jicho jingine, na chake mwenyewe kwanza.

Faida ya pili ni ujuzi unaokuja na wageni bila kulipiwa karo. Mbali na mpangilio wa maumbo unaojulikana mwaka mzima, upo mpangilio wa siri, ambao warushaji huupata usiku wa kuamkia siku ya kuurusha, na kuufanyia mazoezi angani ni marufuku. Asubuhi yake utawaona watu wazima wakitembea kwenye nyasi, kila mmoja ameshika kijiti chenye kindege kidogo mwishoni, anakizungusha mkononi huku midomo ikihesabu: panda, pinduka, nusu ya kujibiringisha, toka. Kijana wa klabu mwenyeji akisimama pale kwa saa moja tu, akauliza maswali mawili matatu, amepata somo ambalo wazee wa klabu yake wasingeweza kumpa.

Wapo wasemao, "Sisi hatuna bingwa, tutaaibika nyumbani kwetu." Jibu ni kwamba mwenyeji hakuitwa kushinda, ameitwa kupokea. Tena IMAC ina ngazi tano, na ile ya kwanza imewekwa makusudi kwa watu wa namna yenu. Ndani yake mtu huruhusiwa kuja na ndege yoyote aliyo nayo, na ule mpangilio wa siri amesamehewa. Hata nje ya IMAC uwenyeji hukua hatua kwa hatua. Mashindano ya kwanza ya dunia ya F3A, daraja jingine la sarakasi, lile la ndege zisizozidi kilo 5, yalifanyika Uswisi mwaka 1960. Mwaka 2013 mashindano hayo ya dunia yakapokelewa na Afrika Kusini. Uwenyeji huo mkubwa ulitanguliwa na mingi midogo, katika viwanja ambavyo majina yake hayakuandikwa popote.

Wapo pia walalamikao juu ya gharama. Kweli ipo, lakini hupunguzwa na ada za washiriki na chakula cha mchana kinachouzwa pale pale. Waamuzi wa kukodi hawahitajiki, maana desturi ni washindani wa ngazi moja kuwahukumu wa ngazi nyingine. Kinachotakiwa zaidi ni mikono: wa kuandikisha, wa kuandika alama, wa kuzijumlisha, wa kuwaelekeza watu waegeshe wapi magari. Hapo hata mzee ambaye vidole vyake havitulii tena juu ya rimoti hupata kazi ya heshima. Ila klabu inayotafuta utajiri katika mashindano na iache mapema, kwa kuwa itaanza kubana palipo muhimu, kama vyoo, maji ya kunywa na kizimamoto.

Hoja ya hatari na kelele ndiyo nzito, na mwenye akili haipuuzi. Ndege ya kilo 10 ikipotea mkononi mwa mtu haichagui pa kuangukia. Kwa hiyo mstari wa usalama uchorwe, watazamaji wakae nyuma yake, na atakayeuvuka kwa ndege yake asivumiliwe hata kama ni mgeni wa heshima. Injini ya petroli isiwashwe bila mtu wa pili kuishika ndege mkia, maana panga boi halina msamaha. Kabla ya raundi ya kwanza kila ndege ikaguliwe: rimoti ikizimwa, je, injini inashuka yenyewe kama inavyopaswa? Sheria za nchi nazo zisomwe mapema. Huko Marekani, ndege inayozidi gramu 250 husajiliwa kwa mamlaka ya anga, FAA, na katika anga isiyosimamiwa na waongoza ndege ukomo wa kawaida wa kupanda ni futi 400, kadiri ya mita 120. Klabu inayotaka kupokea ndege kubwa ihakikishe mapema uwanja wake una ruhusa gani, isingoje kuulizwa siku ya mashindano. Ndugu zetu walioko Kenya na Tanzania wenye hamu ya mchezo huu nao waanzie mlangoni, yaani kwa mamlaka za anga za nchi zao, KCAA na TCAA, kabla hata ya kununua betri.

Ama kelele, dawa yake ni adabu. Tumeni watu wawili wakapige hodi kwa majirani wiki kadhaa kabla, wawaambie saa ya kuanza na saa ya kunyamaza, wawakaribishe chakula. Jirani aliyealikwa huvumilia ngurumo ambayo jirani aliyeshtukizwa angeipigia simu polisi. Uwanja ambao wengi wetu tunarushia ndege si mali yetu. Tumeazimwa na mkulima au halmashauri, na siku wakichoka nasi, hakuna kikombe kitakachotuombea.

Lakini hayo yote yakitimia na uamuzi ukawa mbaya, kazi imepotea. Ndugu wanachama, mgeni atasahau mlimpa nini mchana, ila hatasahau kwamba alionewa. Mwamuzi asimwongezee mtu wa nyumbani nusu alama kwa kuwa ndiye anayekata nyasi, wala asimpunguzie mgeni kwa kuwa ndege yake ni ya bei kubwa. Aliyepitiwa na umbo kwa sababu jua lilimpiga machoni aseme wazi kwamba hakuliona, asibuni alama. Umbo lililorushwa tofauti na lilivyochorwa ni sifuri, hata kama lilipendeza kuliko yote ya siku ile. Matokeo ya kila raundi yabandikwe ubaoni, kila mtu ayasome, ili mwenye lalamiko ajue analalamikia nini na kwa nani.

Utasikia sauti ya upole ikisema ukali huu utawafukuza wanaoanza. Mimi nakataa. Anayeanza hajakuja kutafuta sifa za bure. Hizo angezipata nyumbani kwa mama yake. Amekuja kujua amefika wapi. Akipewa alama 5 na akaelezwa kwamba mstari wake ulilala upande wa kushoto, ataondoka na kitu cha kufanyia mazoezi. Akipewa 8 za huruma, kisha akaona jirani yake aliyerusha vibaya zaidi naye amepewa 8, amejifunza kwamba alama za pale hazina maana, na hatarudi. Wapya hufukuzwa na upendeleo na dharau, na vyote viwili huzimwa na ukali wa haki uliosemwa kwa maneno mazuri.

Basi katika mkutano wenu ujao msiishie kuulizana kama mnaweza. Chagueni tarehe isiyogongana na ya klabu jirani. Mteueni msimamizi mwenye cheti, ombeni idhini ya chama chenu ili bima iwe kamili, kisha waiteni warushaji wawili wazoefu waje mwezi mmoja kabla kuwafundisha wanachama kuhukumu na kuandika alama. Kama mko wachache, anzeni na siku moja na ngazi mbili za chini tu. Fanyeni hizo mbili kwa usahihi na kwa haki, na mwaka wa pili wageni wenyewe ndio watakaowauliza mmepanga lini.