Kasa Akinaswa, Nani Alipe Wavu?

Ndugu wavuvi wa Pwani, kila mmoja wenu aijua hasara ya kuvuta jarife asubuhi na kukuta kasa amezongwa ndani yake. Wavu umeraruka, samaki wametoroka, na kasa mwenyewe pengine amekwisha kufa.

Yafaa kwanza tujue tabia zake. Kasa hana matamvua kama samaki; ana mapafu kama sisi. Akipumzika chini hukaa muda mrefu bila kupanda juu, lakini akinaswa hupapatika, na pumzi yake huisha upesi. Tena kasa wa kwetu wa kawaida hula majani ya bahari, na hurudi malishoni pake kama ng'ombe. Kwa hiyo jarife lililotegwa juu ya majani hayo usiku kucha humngoja kasa mlangoni pake.

Basi tega mbali na malisho, na ukague wavu mara kwa mara. Ukimkuta amelegea, usimtupe baharini, maana huenda amezimia tu. Mlaze kifudifudi kivulini, sehemu ya nyuma iinuliwe kidogo, umfunike kitambaa kibichi. Mara nyingine huzinduka baada ya saa kadhaa. Huko Peru, katika Ghuba ya Sechura, wavuvi walifunga taa ndogo za kijani katika nyavu zao. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kuwa kasa walionaswa walipungua kwa 64 katika kila 100, wala samaki waliotakiwa hawakupungua.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamlinda kasa, nayo ni ya haki, kwa kuwa hupita miaka 20 au zaidi kabla hajataga mara ya kwanza. Lakini sheria haishoni wavu. Mvuvi anayekata nyuzi zake ili kasa aishi anatufanyia kazi sisi sote; si haki alipe peke yake. Watamu wamekwisha kuonyesha njia: tangu 1998 mvuvi atoaye habari za kasa aliyenaswa hupewa fedha kidogo kufidia taabu yake, na kasa hurudishwa baharini.

Maoni yangu ni kwamba kila kikundi cha usimamizi wa ufuo kiweke akiba ya nyuzi na taa, na serikali ya kaunti iongeze sehemu yake. Lizungumzeni jambo hili katika mkutano wenu ujao.