Upishano na usambamba: dhana mbili zisizostahili neno moja

Toleo la 6.17 la Linux, lililotoka Septemba 2025, limebadili jambo ambalo mtumiaji wa kawaida hataliona. Linux ilianza kuhudumia mashine zenye vichakataji vingi katika toleo la 2.0, Juni 1996. Baadaye, sehemu ya kiini inayogawa zamu za kazi ikawa na njia mbili za msimbo: ya vichakataji vingi na ya kichakataji kimoja. Sasa, kufuatia pendekezo la Ingo Molnár, mgawa zamu hutumia njia ya vichakataji vingi katika mashine zote. Vifaa vidogo havijatupwa. Vimebebeshwa msimbo zaidi kidogo ili watunzaji wa kiini wasihangaike na njia mbili.

Mfasiri anayeifikisha habari hii kwa Kiswahili hukutana na mtego. Katika madarasa ya tafsiri, dhana mbili hurundikwa mara kwa mara chini ya neno "usambamba". Kwa tafsiri hiyo, msomaji atauliza: chenye kichakataji kimoja kina usambamba gani?

Mvuvi aliye peke yake katika ngalawa nje ya Kilwa Kivinje hushika usukani, hulegeza demani, hufua maji, kisha huurudia usukani. Kazi tatu zimeanza na hakuna iliyokwisha, lakini mikono ni ya mtu mmoja. Huo ni upishano. Mashua yenye mabaharia watatu, kila mmoja na kazi yake kwa wakati ule ule, ndiyo yenye usambamba.

Tofauti hii ina gharama. Tuchukue mfano wa kubuni: mita ya umeme ya malipo ya kabla, yenye kichakataji kimoja, katika nyumba ya Kilwa Masoko. Programu inasoma salio, uniti 10, ili ipunguze 1. Kabla haijaandika 9, inakatizwa na kazi ya kupokea uniti 50 zilizonunuliwa, nayo inaandika 60. Kazi ya kwanza inarejea na kuandika 9 yake. Uniti 50 zimepotea, na hapakuwa na usambamba hata chembe. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba hatari hutokana na usambamba peke yake hataweka kinga hapo.

Kinga nayo hutofautiana. Palipo na vichakataji vingi, kinachokuta kufuli limefungwa kinaweza kusubiri huku kikilichungulia tena na tena, kwa kuwa kingine kitalifungua. Kichakataji kimoja kikifanya hivyo kitakuwa kinajisubiri chenyewe. Dawa yake ni kuzuia ukatizaji mpaka salio liandikwe.

Kwa maoni yangu, uamuzi wa Linux una busara: njia isiyopitwa na wengi hujaribiwa kidogo, na kasoro zake huchelewa kuonekana. Ila kuunganisha msimbo hakuhalalishi kuunganisha istilahi. Napendekeza kamusi itenge vidahizo viwili: "upishano", hali ya kazi kadhaa kuendelea kwa kupokezana kabla yoyote haijakwisha, na "usambamba", kazi kadhaa kutendeka kwa wakati ule ule. "Zamu" haihitaji kubuniwa: mabaharia wa pwani hii wanalo neno hilo tayari.