Mzuka wa Kibandani na Mzuka wa Kitabuni

Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, kanda za filamu za Kiswahili zilianza kupakiwa mabasini Dar es Salaam na kuteremshwa Arusha, na miongoni mwake zilikuwamo za kutisha: Nsyuka ya Mussa Banzi, na baadaye Shumileta ya mtengenezaji huyo huyo. Hazikuandaliwa jumba la sinema wala hafla ya uzinduzi. Zilikwenda Ngarenaro, Unga Limited na Kaloleni, zikashuka hadi Tengeru na Usa River chini ya mlima Meru, zikaingia katika vibanda vya mabati vyenye mabenchi yasiyo na migongo, runinga moja na deki moja. Humo walikaa Wameru, Waarusha, Wachaga, Wapare na Warangi, vijana wa stendi na wasichana wa kazi, watu ambao wengi wao Kiswahili ni lugha yao ya pili. Wakapiga mayowe, wakacheka, wakajiziba macho kwa viganja huku wakichungulia kati ya vidole. Kesho yake wakarudi.

Wahakiki, ambao hupatikana zaidi magazetini na vyuoni kuliko juu ya mabenchi hayo, walikuwa na hukumu yao tayari. Picha ni mbovu, sauti inakwaruza, damu ni rangi, meno ni ya bandia, hadithi imeokotwa kwa Wanigeria, na jamii inapotoshwa. Katika mashitaka hayo yamo ya kweli. Sauti inakwaruza kweli. Filamu inayopigwa kwa siku chache, katika nyumba ya kuazima, kwa kamera ya kupigia harusi, na ambayo haki zake zitauzwa kwa msambazaji kwa fungu moja la fedha lisilorudi tena, haiwezi kutoa sauti ya studio. Lakini tangu lini umaskini wa chombo ukawa hoja dhidi ya wimbo? Pwani hii imewahi kuwasikiliza manju waliokuwa na kigoma kimoja kilichopasuka, na hakuna aliyesema shairi limeharibika kwa sababu ya ngoma.

Jina lenyewe la Nsyuka ni la Kinyakyusa, na huitwa hivyo mfu aliyefufuka. Sikio lolote la Kiswahili litasikia humo neno mzuka bila ya kufundishwa. Hapa ndipo undumakuwili wa wahakiki unapodhihiri. Mwaka 2001 Said Ahmed Mohamed, mwana wa visiwa hivi, alichapisha Babu Alipofufuka, riwaya ambayo ndani yake babu aliyekufa anamrudia mjukuu wake, mtu mkubwa aliyeoza kwa madaraka. Wataalamu waliipokea kwa heshima inayoistahili, wakaiandikia makala, wakaijadili kama mageuzi ya riwaya ya Kiswahili. Mwaka huo huo filamu ya Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo nayo ina roho ya mhenga inayowatokea walio hai, ilikuwa ikizunguka katika matamasha ya nje, nayo ikasifiwa. Basi mfu akifufuka kitabuni ni sitiari. Akifufuka kwenye tamasha ni urithi wa Mwafrika. Akifufuka Ngarenaro, mbele ya watu waliolipa kwa sarafu, ni ushirikina na ujinga. Kilichobadilika ni nini, mfu au mtazamaji?

Haisemwi hapa kwamba Banzi ni sawa na Said Ahmed Mohamed. La hasha. Riwaya ile imefikiriwa neno kwa neno, ilhali mazungumzo ya filamu nyingi za namna hii hutungwa papo kwa papo mbele ya kamera, na matokeo yake husikika: mtu mmoja hurudia sentensi ile ile mara tatu kwa kutafuta ya nne. Hilo ni kosa la kuhakikiwa. Ila limehakikiwa na nani? Aghalabu mhakiki hucheka meno ya bandia, asifike kwenye sentensi.

Arusha ina kumbukumbu nyingine ya sinema, nayo husimuliwa kwa fahari. Mwaka 1962 ilitoka Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa kwa sehemu kubwa katika nchi hiyo, huku Momella na mlima Meru vikiwa pazia la nyuma, na John Wayne na Hardy Krüger wakiwakimbiza vifaru na twiga kwa magari. Krüger aliupenda mlima, akanunua shamba Momella, na hadi leo hoteli iliyoko hapo huitwa kwa jina la filamu. Ni sinema ya kuchangamsha, hakuna ubishi. Lakini wenyeji wamo humo kama miti ilivyomo, na hakuna mhakiki anayelalamika kwamba inaipotosha jamii.

Pwani nayo ina lalamiko lake. Katika filamu hizi jini aghalabu hutoka baharini, hunukia marashi, huvaa kama mwanamke wa Kiswahili. Na mganga hodari, au mbaya kupindukia, husemwa ametoka Pemba au Tanga. Mtoto wa Usa River ambaye hajaiona bahari huifahamu kwanza kama makao ya mashetani. Wenye visiwa wana haki ya kuchukia. Hata hivyo, haki hiyo isizidi kimo chake. Mwaka 1995 Popobawa alipoanza Pemba na kuvukia Unguja, watu wazima, wasomi miongoni mwao, walilala nje makundi kwa makundi, wakiota moto hadi alfajiri, na hapakuwa na kanda ya Banzi ya kulaumiwa. Katika taharuki ile umati mjini Unguja ulimuua mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili, kwa kudhaniwa ndiye.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Hoja nzito kuliko zote dhidi ya sinema za kutisha ni kwamba hofu huua. Vikongwe wenye macho mekundu wamekatwa mapanga Usukumani, na tangu mwaka 2007 nchi imesikia habari za watu wenye ualbino kuuawa kwa ajili ya viungo vyao. Anayesema filamu ndiyo iliyoanzisha hayo hajui historia, kwa kuwa vikongwe walikuwa wakiuawa miongo kadhaa kabla ya filamu ya kwanza ya Kibongo. Lakini anayesema filamu haina dhambi yoyote naye anadanganya. Kuna mwisho mmoja unaorudiwa mno: familia imeteseka, mganga au mchungaji anaitwa, kidole kinanyooshwa, na mwenye hatia ni bibi kizee wa nyumba ya jirani. Kibanda kizima hushangilia. Mwisho huo ni hatari kuliko ndoo nzima ya damu ya rangi, na ndio ambao mhakiki angepaswa kuusimamisha, kuutaja kwa filamu na kwa tukio, na kuuliza aliyeutunga alikuwa akimfikiria bibi yupi. Mohammed Said Abdulla aliliona hilo zamani: katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960, mzimu wote uliotisha mtaa unaishia mikononi mwa Bwana Msa na kiko chake, na mkosaji anaonekana ni mtu mwenye tamaa ya kawaida kabisa. Msomaji alitishwa kisha akafunguliwa macho. Nani amempelekea mtengenezaji wa filamu kitabu hicho? Badala yake hukumbushwa sheria ya filamu ya 1976, kana kwamba rungu la bodi linaweza kufundisha utunzi.

Na hofu ya kweli haikuwa mbali na vibanda hivyo. Tangu 1995 hadi 2015 Arusha hiyo hiyo ilikuwa makao ya mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda. Ndani ya jengo la mikutano, wakalimani waliyapitisha maneno ya walionusurika katika Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda. Kiswahili, lugha ya mji ulioketi nje ya mlango, hakikuwamo. Muuza mahindi wa Kaloleni aliyetaka kusikia mfu akisema lipi lilimuua, alikuwa na kibanda tu.

Mlima wenyewe una hadithi yake. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi, nyumba zikachomwa moto, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda New York kuusimulia Umoja wa Mataifa. Wazee waliozaliwa kabla ya moto ule wamebaki wachache. Mhakiki aliyechoshwa na meno ya bandia angeweza kumpandisha Banzi, au yeyote mwenye kamera ya harusi, gari la kwenda Ngare Nanyuki, akamketisha mbele ya mmoja wao usiku, taa ikiwa imezimwa.