Siku Moja Bruxelles: Jicho la Kupendezwa na Jicho la Kuuliza



Katika kambi zetu hakuna jina linalopendeza vijana kama jina la Bulaya. Mutu akirudi kutoka kule, lupango inajaa watu, kila mutu anataka kusikia. Na yeye anasimulia juu ya taa, magari na nyumba ndefu, basi, habari imekwisha. Mwezi huu nataka tutembee pamoja siku moja nzima katika Bruxelles, muji mukubwa wa Ubelgiji. Pengine masomo ao kazi vitakupeleka kule. Pengine hautafika hata siku moja. Lakini ujue: ule muji unakuhusu, wewe mutoto wa fasi ya shaba, kuliko vile unavyofikiri.

Mbele ya kutoka, sikia shauri kidogo. Vaa viatu vya kutembea, na koti, kwani mvua ya kule haipigi hodi. Katika mwezi wa Desemba giza linaingia mbele ya saa kumi na moja ya magaribi. Nunua tikiti moja ya siku nzima. Nayo utapanda bisi, tramu, na metro, ni kusema treni inayopita chini ya udongo. Usishangae kuona kila barabara iko na majina mawili: moja ni la Kifaransa, lingine la Kiholanzi. Na usichague siku ya kazi ya kwanza, kwa sababu museum tutakayoona mangaribi inafungwa siku ile.

ASUBUHI: GRAND-PLACE

Anza katikati ya muji, kwenye kiwanja kinachoitwa Grand-Place. Utasimama kinywa wazi. Nyumba zimezunguka pande zote, mawe yamechongwa kama kitambaa cha kufumwa, na fasi zingine zimepakwa zahabu. Munara wa nyumba ya baraza la muji unapanda metre 96, na juu kabisa kuna sanamu ya malaika Mikaeli.

Katika mwezi wa Agosti 1695 jeshi la Louis XIV, mufalme wa Ufaransa, lilipiga muji huu kwa mizinga. Karibu nyumba zote za kiwanja ziliungua. Nani alizijenga tena? Vyama vya mafundi: waoka mikate, wapika bia, wauza nyama, watu wa mashua. Kila chama kilijenga nyumba yake, na kwa miaka michache kazi ilikwisha. Kwa hiyo hapa usiseme, "Haya yote ni mali ya Kongo." Hapana. Wakati ule Léopold II alikuwa hajazaliwa. Hii ni kazi ya mikono yao, iliyofanywa kwa umoja, na tuwape sifa yao.

Lakini kuna jambo lingine. Tarehe 1 Julai 1523, katika kiwanja kilekile, watawa wawili, Hendrik Vos na Johannes van Esschen, walichomwa moto kwa sababu walikataa kuacha mafundisho ya Luther. Walikuwa wa kwanza kuuawa kwa ajili ya mafundisho yale. Leo watu wanapiga picha pale na kula vitu vitamu. Wewe simama kidogo, unyamaze.

Kisha tembea dakika chache kuona Manneken Pis, sanamu ya mutoto anayekojoa. Wageni wengi wanacheka: "Kumbe tumetoka mbali kuona hiki?" Urefu wake ni sentimetre 55 hivi! Ni ya bronze ya mwaka 1619, ni kusema shaba iliyoyeyushwa pamoja na madini inayotoka katika kasiterite. Ile ya inje ni mufano tu. Ya kweli inalindwa ndani ya museum.

TUMBO NALO LINAULIZA

Nunua friti katika karatasi iliyokunjwa. Siri yao njo hii: viazi vinakaangwa mara mbili, na desturi ya zamani ni mafuta ya ngombe. Halafu onja gaufre, mukate mutamu unaookwa katikati ya vyuma viwili. Usizijaze na cream na chokoleti zote unazoona; kila kitu unachoongeza kinalipiwa.

Ingia sasa katika Galeries Royales Saint-Hubert, barabara ya maduka yenye paa la vioo, iliyofunguliwa mwaka 1847. Ndani yake, katika 1912, Jean Neuhaus alitengeneza praline ya kwanza, ile chokoleti yenye kujazwa utamu ndani. Angalia bei, kisha ujiulize: shamba la kakao la Ubelgiji liko wapi? Haliko. Kakao inatoka katika inchi za joto, zaidi Côte d'Ivoire na Ghana. Mwenye kuvuna anapata kidogo. Mwenye kugeuza tunda kuwa kitu cha kuwekwa kwenye sanduku zuri, njo anapata feza. Sisi tunaoona mawe ya shaba na cobalt yakitoka kwetu ndani ya makamyo, neno hili tunalijua.

SAA SITA: SANAMU YENYE SHABA YETU

Panda kilima kwa miguu, pitia Mont des Arts, pita mbele ya jumba la mufalme, mpaka Place du Trône. Pale Léopold II amekaa juu ya farasi wake. Sanamu iliwekwa katika mwaka wa 1926. Katika Juni 2020 watu waliipaka rangi nyekundu, kwa ajili ya damu iliyomwangika Kongo.

Wewe usiangalie farasi tu. Tafuta maandiko madogo, usome pole pole. Yanasema kwamba shaba na etain ya sanamu vilitoka Kongo, na kwamba vilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga.

Bure! Kampuni ilitoa bure. Lakini nani alichimba? Katika miaka ile wafanyakazi waliandikishwa mbali: Kasai, Rwanda, hata Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Njo baba za babu zetu wale. Jina la kampuni limeandikwa. La muchimbaji hata moja halimo.

Dakika chache kutoka pale uko Matonge, mutaa uliopewa jina la mutaa wa Kinshasa. Hapa kula chakula cha mangaribi. Sombe iko, lakini itika pondu watakusikia haraka. Makayabu iko, chikwangue iko. Keti na watu, uwaulize kazi yao. Utakuta muganga, utakuta muuza vitambaa, utakuta pia mutu wa diplome anayesafisha ofisi usiku. Feza haiokotwi barabarani kule. Karibu pale kuna kiwanja cha Patrice Lumumba, kilichofunguliwa tarehe 30 Juni 2018. Mutu aliyeuawa karibu na Lubumbashi tarehe 17 Januari 1961, jamaa yake ilirudishiwa jino lake tu, katika Bruxelles, Juni 2022.

MANGARIBI: TERVUREN

Panda metro mpaka Montgomery, kisha tramu 44. Itakupitisha katika pori nzuri mpaka Tervuren, inje ya muji. Museum ya Afrika ilifunguliwa katika nyumba ile mwaka 1910, ikafungwa kwa kutengenezwa, ikafunguliwa tena Desemba 2018. Usitoke pasipo kwenda kwenye kanisa la Tervuren. Katika mwaka wa 1897 Wakongomani 267 waliletwa hapa ili wazungu wawaangalie kama vitu vya maonyesho. Saba walikufa. Makaburi yao yako kando ya kanisa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange.

Umeona tofauti? Chini ya farasi, jina la kampuni. Hapa, majina ya watu.

Basi kijana, hata kama hautapanda ndege, kazi hii unaweza kuifanya leo jioni. Chukua daftari, keti karibu na muzee wako. Umuulize: Ulichimba wapi? Miaka gani? Nani alikuwa pamoja nawe? Nani hakupanda tena kutoka shimoni? Andika majina, usiandike la kampuni peke yake. Wazee wanakwisha, na hakuna museum itakayokufanyia kazi hiyo.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani:
1. Katika muji wetu, ni kitu gani tulijenga kwa umoja, kama wale mafundi wa Grand-Place?
2. Shaba inayotoka kwetu leo inaenda wapi, na inarudi kwetu kama kitu gani?
3. Katika jamaa yetu, ni majina gani ya wachimbaji tunayoyajua? Tuyahesabu pamoja.