Tairi Laini Halilimi Ngolo

Ndugu mwandishi aliyeshauri kila trekta mkoani Ruvuma livalishwe matairi laini ya upepo mdogo amesema nusu ya ukweli. Yapo matairi ya aina hiyo yanayobeba mzigo uleule kwa upepo pungufu hadi asilimia 40. Hukanyaga eneo pana, na udongo wa juu ukabaki unapumua. Lakini kushindiliwa kwa udongo wa chini hutokana zaidi na uzito wa ekseli. Trekta la tani 8 haliwi jepesi kwa kubadilishiwa viatu.

Halafu, trekta lipi hasa? Kwenye miteremko ya Umatengo watu hulima ngolo, vile vishimo vinavyozuia mmomonyoko, kwa jembe la mkono. Trekta kubwa likipanda pale litabiringika, hata tairi liwe la dhahabu. Kule ziwani, upande wa Mbamba Bay, kwenye mpunga pawatila yenye magurudumu ya chuma inatosha.

Mwenye shamba kubwa la tambarare anunue, sawa. Ila anunue na geji: tairi la kawaida ukilipunguza upepo ovyo, ubavu unakufa barabarani. Sisi wengine tusiingize trekta shambani udongo ukiwa umelowa. Hilo ni bure.