Mchuuzi Asiyeliliwa

Kuna maneno yanayorudiwa kila riwaya ya upelelezi inapotajwa mbele ya wapenzi wa mashairi: kwamba huo ni utanzu wa kuulia wakati, na kwamba msomaji akishamjua muuaji kitabu kimekwisha kazi, kilichobaki ni kufungiwa karanga. Maneno hayo hayastahili hasira nyingi. Yanayoistahili ni maneno ya pili, nayo husemwa na wapenzi wenyewe wa riwaya hizo: kwamba hadithi ya upelelezi isiyomtia muuaji mkononi imemdhulumu msomaji wake. Dai hili limezoeleka hata halihojiwi. Na kuna riwaya moja inayoonyesha kuwa dai hilohilo, likitoka kinywani mwa msomaji likaingia kituo cha polisi, huua mtu.

Riwaya hiyo ni ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt, aliyoitoa mwaka 1958 kwa jina la Das Versprechen, yaani Ahadi. Mwandishi mmoja wa hadithi za upelelezi anakutana na mzee aliyekuwa mkuu wa polisi wa jimbo la Zürich, ambaye kitabu kinamwita Dakta H. tu. Mzee amekwisha kustaafu. Anampakia mwandishi garini, na njiani wanasimama kwenye kituo cha mafuta kilichochakaa. Hapo, juu ya kiti cha mawe, ameketi mtu mchafu anayenuka ulevi, akiitazama barabara kama anayemngoja mgeni. Safari inapoendelea Dakta H. anaeleza kwamba mtu yule, Matthäi, alikuwa mpelelezi wake hodari kuliko wote.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtoto wa kike, Gritli Moser, anakutwa ameuawa msituni. Anayeikuta maiti ni mchuuzi wa kikapu aitwaye von Gunten, naye anampigia simu Matthäi kwa sababu ndiye askari pekee anayemwamini. Matthäi anakwenda kwa wazazi wa marehemu, na mama mtu anamtaka aahidi, kwa wokovu wa roho yake, kwamba atampata muuaji. Anaahidi. Lakini siku zake kazini zimekwisha; anangojwa Jordan kwenda kuunda upya polisi ya huko. Wenzake wanamshika mchuuzi, ambaye zamani aliwahi kuhukumiwa kwa kosa la kumchezea msichana. Wanamhoji bila kumpa pumzi mpaka anakiri, kisha anajinyonga mahabusu. Jalada linafungwa na mji unalala.

Matthäi hapandi ndege. Anaacha kazi na cheo, anachukua kituo cha mafuta kwenye barabara ambayo muuaji hana budi kuipita akitoka jimbo la Graubünden, na hapo anangoja. Njia iliyomfikisha ni mchoro alioucheza Gritli shuleni: jitu refu, gari jeusi, mnyama wa pembe ambaye ni mbuzi-mwitu wa nembo ya jimbo lile, na vinyama vyenye miiba vinavyopewa mtoto kama zawadi. (Atakayevitafsiri asiandike nungunungu. Ni kalunguyeye, na udogo wake ndio maana yake: ni chokoleti za vidutu ndani ya kiganja.) Mpelelezi amesoma sawa kila alama. Muuaji yuko kweli, na kweli anakuja. Lakini anakufa njiani kwa ajali ya gari, na mtegaji haambiwi.

Wapo wanaoishia hapo na kusema kwamba kitabu hiki kinafundisha juu ya bahati: akili ya binadamu hupanga na ajali ikapangua. Dürrenmatt mwenyewe aliwapa kisingizio, kwa kuwa aliiita riwaya yake maombolezo ya mazishi ya riwaya ya upelelezi, na Dakta H. anahubiri habari ya bahati kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. Lakini tangu lini mshitakiwa akaaminiwa kwa kila asemalo? Anayesimulia ndiye mkuu wa polisi ambaye mchuuzi alikiri na kufa chini ya mamlaka yake. Bahati inamfaa sana. Bahati haina uso, haihojiwi, haipelekwi mahakamani, na anayeitupia lawama humaliza chakula chake kwa utulivu.

Ukweli wa kitabu uko pengine, nao hauna ajali ndani yake. Muuaji alikuwa na mke, bibi mzee wa nyumba tajiri, naye alijua. Alijua tangu mtoto wa kwanza, na wakafa watatu. Alimkanya mumewe, akapewa neno la kutorudia, akanyamaza kwa kuichunga heshima ya ukoo. Miaka mingi baadaye, akiwa hospitalini anangoja kufa, ndipo anapomsimulia Dakta H. kwa kirefu, huku akipotea njia na kurejea, kama bibi anayesimulia harusi za zamani. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa ukurasa huu. Anaijua sitara, na anajua kwamba sitara ni nguo ya aina mbili: moja humfunika mnyonge asiaibishwe, nyingine humfunika mwenye nyumba asiulizwe. Aliyevishwa ile ya pili hakuponyoka kwa bahati. Aliponyoshwa, akaponyoshwa tena, na watu wenye majina mazuri.

Kwa hiyo mstaafu anayekabiliwa na kesi ya zamani katika riwaya hii si Matthäi. Matthäi hakustaafu, yungali kazini kuliko wote, ingawa halipwi. Mstaafu ni Dakta H., na ukweli unamfikia akiwa na kiinua mgongo chake na jina lake safi, muda mrefu baada ya mchuuzi kuzikwa na doa la muuaji wa watoto. Neno lenyewe linamsuta. Kustaafu kumetoka katika Kiarabu, na kwa asili yake ni kuomba kusamehewa jukumu, jamaa wa karibu wa afuwa. Nani aliyemsamehe Dakta H.? Hakumwomba mtu. Aligeuza jambo zima kuwa mazungumzo ya safari, akamtupia mwandishi wa vitabu kana kwamba ampa mfano wa kuvutia wa mambo ya ufundi.

Jambo hili lingekuwa la Uswisi peke yake kama si mwisho wa pili wa kisa hicho. Kabla ya riwaya palikuwa na filamu. Mtayarishaji Lazar Wechsler alimwagiza Dürrenmatt hadithi ya kuwaonya wazazi juu ya wanaodhuru watoto, nayo ikatoka mwaka 1958 kwa jina la Es geschah am hellichten Tag, ikiongozwa na Ladislao Vajda. Humo mtego unanasa, muuaji anapatikana, mtoto anaokoka. Dürrenmatt hakuridhika, akakaa akaiandika upya kama riwaya. Wasiokubali mwisho wa riwaya husema filamu ndiyo iliyo kamili. Basi na waulizwe: mchuuzi amefanywa nini katika ukamilifu huo? Naye humo anajinyonga. Ila muuaji anapokamatwa, furaha ya watazamaji inamfunika, na wanaondoka ukumbini bila kumkumbuka aliyekufa kwa kosa la kuokota simu. Riwaya, kwa kumnyima msomaji muuaji, inamwachia maiti ya mchuuzi mikononi, asijue pa kuitua. Sean Penn alipokihamishia kisa Nevada mwaka 2001 katika The Pledge, Jack Nicholson akiwa mpelelezi aliyestaafu, aliuhifadhi mwisho huo mchungu, na ni heshima yake.

Wala Matthäi asifanywe shujaa kwa sababu tu alishika neno. Ahadi ni deni, ndiyo, lakini deni hulipwa kwa mali ya mdaiwa. Yeye alililipa kwa mtoto wa mwingine. Alimchukua mwanamke mwenye shida awe mtunza nyumba wake kwa ajili ya binti yake mdogo, Annemarie, anayefanana na Gritli, akamweka acheze kando ya barabara kama chambo, na mama mtu hakuambiwa. Siku muuaji alipokosa kutokea, askari waliojificha msituni walitoka kwa ghadhabu wakamzomea na kumpiga yule mtoto, kana kwamba yeye ndiye aliyewanyima mwisho wa hadithi yao. Hakuna ukurasa mkali zaidi ya huo. Pale kituoni, mwanzoni mwa kitabu, Annemarie ni msichana aliyezeeka kabla ya kuupata ujana wake.

Hapo ndipo hoja inaporudi nyumbani. Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, miaka miwili tu baada ya Dürrenmatt kuuzika utanzu huo. Bwana Msa na kiko chake hakuwa askari, hivyo hakuwa na cha kustaafu, wala hakuwa na selo ya kumfungia mtu mpaka akiri. Alitazama, akauliza, akafikiri. Na karibu miaka ishirini na mitano baadaye mwandishi wake alithubutu kutoa kitabu kiitwacho Kosa la Bwana Msa, mwaka 1984. Huo ulikuwa mlango. Waliofuata, hasa wa bara, wengi waliupita bila kuugusa, wakataka mpelelezi mwenye bastola asiyekosea, na wachapaji wakafurahi. Msomaji akafundishwa kulipia kitabu kama alipiavyo samaki: akione mkononi ndipo atoe fedha.

Atasema mtu kwamba hata kitendawili hakitegwi bila jibu. Ni kweli, na mfano ni mzuri kuliko anavyodhani. Aliyeshindwa hapewi jibu bure, hudaiwa mji. Hutoa Lamu, hutoa Mombasa, kwa mzaha, na mtegaji akishaufaidi mji wake ndipo afumbue. Katika mji wa Zürich ulioandikwa na Dürrenmatt, watu walishindwa na kitendawili, wakataka jibu usiku uleule, na mji walioutoa ni mchuuzi. Kikapu chake kilikuwa na nyembe, rekodi yake ilikuwa na doa, na hapakuwa na ndugu wa kupiga kelele.

Kabla ya hapo, kijijini Mägendorf, umati ulilizingira gari la polisi ukitaka akabidhiwe. Matthäi hakufyatua risasi. Aliwataka wanakijiji wenyewe waseme walichokiona, kauli moja baada ya nyingine, mpaka ikawadhihirikia kwamba hawana ushahidi, wakampisha. Ni tukio ambalo kila aliyewahi kusikia ukelele wa “Mwizi!” sokoni, akaona mawe na mipira ya magari ikitafutwa, angepaswa kulisoma kwa Kiswahili, tena kwa sauti. Umati ulishawishika. Waliokuwa na funguo, kalamu na meza ya mahojiano hawakushawishika. Na kosa lao halikuwa ukatili wa pekee. Walitaka kitabu kiishe.

Mtafsiri atakayeichukua kazi hii atashawishiwa na wachapaji aongeze ukurasa wa kumsafisha mchuuzi hadharani, au walau aandike dibaji ya kumtuliza msomaji. Asikubali. Shida yake iwe nyingine, ngumu zaidi: sauti ya von Gunten kwenye ile simu, alipokuwa amesimama ndani ya mkahawa wa kijiji, kikapu kando yake, akiomba apewe Matthäi na si askari mwingine. Maneno yake ni machache na ya unyenyekevu, na Kiswahili kina njia nyingi za mnyonge kumwita mkubwa. Akikosea hapo, akampa lugha ya mtu mwenye hila, atakuwa amemhoji kwa mara ya pili.