LAVA NI YETU, TUIPE JINA

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Leo nataka kuonyesha kwamba hata katika mambo ya lava tumekuwa watumwa.

Muhula mmoja mwalimu wa Jiografia alituuliza aina za lava. Mikono ikainuka. "Pahoehoe!" "Aa!" Kisha akauliza, "Na mmeziona wapi?" Darasa likawa kimya kama kaburi. Mmoja wa nyuma akajibu, "Hawaii, mwalimu." Tulicheka sana, lakini kicheko kile kinanikera hadi leo.

Mwenzangu ninayeketi naye anaishi Kawangware. Jumamosi yeye na mama yake huvunja kokoto kwa nyundo. Siku hiyo hakuinua mkono. Tukitoka akaniambia, "Mimi lava siijui. Najua mawe tu. Lile gumu la kijivu ukiligonga linalia ngi! kama chuma. Lile laini la kujengea halilii, unalikata tu kwa patasi."

Lo! Kumbe alikuwa amejibu swali. Jiwe linalolia ni fonolaiti, na jina hilo kwa Kigiriki maana yake ni jiwe la sauti. Ni lava iliyotiririka ikaganda mamilioni ya miaka iliyopita, na imelala chini ya sehemu kubwa ya Nairobi. Lile laini ni jivu la volkeno lililoanguka likashikamana. Hata kwetu Kibera kuna mahali ambapo wachimba vyoo hugonga mwamba wakakata tamaa. Na kijana huyu ndiye anataka kuacha Jiografia, eti ni somo la watu wa Hawaii!

Mimi nasema kosa si lake. Tumemlisha majina matupu. Lava yenyewe haina siri: ni mawe yaliyoyeyuka yakatoka ardhini. Ikiwa nyepesi kama uji, hutiririka mbali. Juu inaganda utandu, na ndani bado inasonga, kwa hivyo utandu unajikunja kama kamba. Hiyo ni pahoehoe. Ikizidi kupoa na kupoteza gesi, inakuwa nzito kama ugali na utandu unapasuka vipande vyenye makali. Hiyo ni aa. Lava yenye silika nyingi ni nzito zaidi. Mara nyingi haiendi mbali bali hurundikana karibu na mdomo wa mlima. Na ikitokea chini ya maji huganda kama mito ya kulalia.

Pahoehoe na aa ni maneno ya Kihawaii. Wenyeji wa visiwa vile waliita kwa lugha yao kile walichokanyaga kwa miguu yao, na leo vitabu vya dunia nzima vinatumia maneno hayo. Je, sisi? Uwanda wetu wa Yatta ni fonolaiti iliyotiririka kwa karibu kilomita 300, mojawapo ya mitiririko mirefu kabisa duniani. Jirani zetu Watanzania wana Ol Doinyo Lengai, volkeno ya pekee inayojulikana kutoa lava ya kaboneti siku hizi. Lava hiyo hutoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Utajiri wote huo, na majina bado tunaazima!

Wengine watasema, "Jina ni jina tu, mtihani ndio kitu." Sikubali. Mlima Nyiragongo huko Kongo una lava yenye silika kidogo sana, kwa hivyo ni nyepesi mno. Mwaka wa 1977 ilishuka kwa kasi ikaua watu. Tarehe 17 Januari 2002 iliingia mjini Goma, na tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena. Watu wa Goma huongea Kiswahili. Mama akiambiwa, "Hii ni lava ya uji, inakimbia," atabeba watoto saa hiyo hiyo. Akiambiwa maneno asiyoyajua, atasimama kuuliza.

Basi napendekeza mambo mawili. Kwanza, Chama chetu cha Kiswahili kikae na walimu wa Jiografia kitunge maneno. Mimi naanza: pahoehoe iwe lava kamba, na aa iwe lava kokoto. Mwenye maneno bora kuliko haya ayalete. Pili, tusifundishwe kwa picha peke yake. Twende nje na nyundo, na mwenzangu wa Kawangware atuongoze, maana yeye ndiye fundi.

Nimemsihi asiliache somo. Amesema atafikiria. Nanyi wasomaji, mkimwona, msaidieni kufikiria vizuri.